Msemo Usiokuwamo Katika Biblia

Mungu humsaidia anayejisaidia: itafute kauli hii kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hutaiona. Asili yake ni Ugiriki ya kale, katika hekaya zinazohusishwa na Aesop, ambamo mwenye mkokoteni uliokwama matopeni anamlilia Hercules na kuambiwa kwanza asukume magurudumu. Mwingereza Algernon Sidney aliiandika katika kitabu kilichochapishwa 1698, miaka 15 baada ya yeye kukatwa kichwa. Benjamin Franklin akaitia katika almanaka yake ya 1736, na mwaka 1859 Samuel Smiles akafungulia nayo kitabu chake Self-Help, ingawa yeye, kwa tahadhari ya kiasi, alitaja mbingu badala ya Mungu. Hakuna mtume wala nabii katika safari yote hiyo.

Atatokea wa kupinga: je, Mithali 6 haimtumi mvivu kwa chungu, na Paulo hawakaripii Wathesalonike wasiotaka kazi? Ni kweli, Maandiko hayamwonei haya mvivu. Lakini kuamrisha kazi ni jambo moja, na kuifanya kazi kuwa bei ya msaada wa Mungu ni jingine kabisa. Kumbukumbu la Torati 8 inamwonya tajiri asidai kuwa mkono wake ndio uliompatia mali, Isaya 25 inamwita Mungu ngome ya maskini, na Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa watu wangali hawana nguvu. Anayemnyima mjane msaada kwa msemo huu basi asisingizie Biblia.