Mapambo ya nyumba Ukambani

Katika kaunti za Kitui na Makueni, Kenya, nyumba ya kijijini hupambwa kwa vyombo vya kazi. Kuta za matofali ya kuchoma mara nyingi huachwa bila lipu. Kiondo (kwa Kikamba *kyondo*) husukwa kwa mkonge. Zamani zilitumika pia nyuzi za mbuyu, mti uliotapakaa pande za Kibwezi. Msusi husokota nyuzi juu ya paja, kisha husuka akianzia kitakoni na kuzunguka hadi mdomoni. Kibuyu huchorwa kwa ncha ya kisu, kisha hupakwa masizi ili nakshi zionekane. Kizuri kuliko vyote ni kigoda cha mzee: miguu mitatu, na usoni waya mwembamba wa shaba uliopachikwa ndani ya mti.