Kutoka Ukimbizi Hadi Uraia: Funzo la Katumba, Mishamo na Ulyankulu

Suala la nani awe raia ni la kisiasa kabla ya kuwa la kisheria. Oktoba 1961, Bungeni, Mwalimu Nyerere aliwapinga waliotaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Msimamo huo ulishinda, nao ndio msingi wa historia tunayoichambua.

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yalileta maelfu ya wakimbizi. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakukaa bure: walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajitegemea. Hata hivyo, watoto waliozaliwa humo waliendelea kuitwa wakimbizi. Jasho lilitangulia, haki ikachelewa.

Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo, na kabla ya hapo jumla ya miaka 7 katika miaka 10. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na mwenendo mwema. Mwaka 2010 wakimbizi wapatao 162,000 walikubaliwa uraia. Lakini walitakiwa kwanza kuyahama makazi yao, na vyeti vikakwama hadi 2014, walipokabidhiwa na kuruhusiwa kubaki.

Tunajifunza nini? Kwamba uamuzi sahihi hudumazwa na utekelezaji mbovu. Kumwambia mtu ni raia huku cheti chake kimefungiwa ni kumpa haki nusu. Kada anayehubiri usawa wa binadamu hana budi kuuliza: vyeti viko wapi?