Aliyelala Usimwamshe

Wacheza poka wana hadithi yao ya kale, na kila mashindano yanaporefuka lazima mtu aisimulie. Eti mwaka 1949, kule Las Vegas, tajiri wa kamari Benny Binion aliwakalisha watu wawili mezani: Johnny Moss wa Texas na Nick Dandalos, Mgiriki aliyejulikana kwa madau makubwa. Wakacheza miezi mitano, watu wamejaa pembeni kama wamekuja kutazama Gor na AFC. Mwishowe Dandalos akaishiwa, akainuka, akaenda zake kulala.

Sitaki kuiapia hadithi hii. Kasino ya Binion, Horseshoe, ilifunguliwa 1951, kwa hiyo hiyo tarehe ina walakini. Ila ndani yake kuna kipande ambacho wasimulizi hukipitia mbio. Wanasema mchezo ulisimama tu pale mtu alipotaka usingizi, na kwamba Moss alipokwenda kulala, Dandalos hakulala. Alihamia meza ya dadu akaendelea na kamari. Sasa fanya hesabu mwenyewe: katika hadithi hiyo hiyo tunayosimuliana kusifu kukesha, aliyeshinda ni yule aliyekuwa akilala.

Nimeanza huko kwa sababu usiku wa mashindano ya poka ya mtandaoni umejaa akina Dandalos, na wengine wako Nairobi, Nakuru na Mombasa. Poka ya pesa ilianza kuchezwa kwenye intaneti mwaka 1998. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia mashindano madogo ya mtandaoni kwa dola 86, akapata nafasi kwenye fainali kuu ya Las Vegas ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Habari ikaenea kama moto wa nyasi. Mwaka 2003 fainali ile ilikuwa na wachezaji 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Mtandaoni nako foleni ikawa ndefu zaidi, kwani hakuna anayehitaji nauli ya ndege. Na watu wakiwa wengi, mashindano hayaishi upesi. Mchezo unaweza kula saa nane, kumi au zaidi kabla abaki mmoja.

Halafu kuna suala la saa yenyewe. Mashindano makubwa ya Jumapili hupangwa ili yaangukie jioni ya Ulaya na mchana wa Amerika. Kwetu huo ni usiku. Mtu wa Toronto anakaa mezani baada ya chakula cha mchana. Mtu wa Umoja anakaa saa tatu usiku, na meza ya mwisho, kama atafika, inamkuta alfajiri, matatu za kwanza zikipiga honi. Wote wawili wamelipa kiingilio kilekile, lakini mmoja ameongeza usingizi wake juu.

Tukitaka kujua macho yanachoka vipi, tutoke kwanza kwenye karata tuingie vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na tatizo. Ndege zake zilizunguka juu ya bahari zikitafuta nyambizi za Wajerumani kwa rada, na wanajeshi waliokuwa wakitazama vioo vya rada walikuwa wakipitwa na alama walizopaswa kuziona. Hawakuwa wavivu wala waoga. Walikuwa wanajua kwamba wakikosea, meli itazama na watu watakufa. Bado alama ziliwapita.

Kazi ya kutafuta sababu ikaangukia kwa mwanasaikolojia wa Cambridge, Norman Mackworth. Alitengeneza kitu kama saa ya ukutani isiyo na namba, yenye mshale mmoja unaoruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, bila mpangilio, mshale uliruka hatua mbili kwa pamoja. Mtu alikalishwa peke yake saa mbili nzima, kazi yake ni kubonyeza kila akiona mruko wa hatua mbili. Basi. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1948, ni kwamba umakini ulianza kuporomoka ndani ya nusu saa ya kwanza. Hata usiku haukuhitajika kumchosha mtu. Ilitosha kumpa kazi ya kungoja jambo ambalo hutokea kwa nadra.

Na poka ni nini kama si kungoja jambo la nadra? Mchezaji mzuri hutupa karata zake nyingi. Anakaa dakika ishirini akitupa tu, kisha ghafla unakuja mgao mmoja ambao ndani yake mna mashindano yote. Mezani ana kwa ana hugawiwa kama migao 30 kwa saa, na katikati kuna watu wa kutazama, vicheko, mtu anayetetemeka mkono. Mtandaoni meza moja hutoa 60 au zaidi, tena huna uso wa kusoma. Ni mshale unaoruka, unaoruka, unaoruka. Ndiyo maana wachezaji hufungua meza ya pili na ya tatu, wakidhani wanafukuza uchovu. Wanachofanya ni kuongeza mishale.

Mackworth hakuishia kwenye ubaya. Alipowapokeza watu zamu, nusu saa ya kazi na nusu saa ya kupumzika, umakini haukushuka. Alipowapigia simu katikati ya zamu na kuwahimiza wajitahidi, waliamka tena kwa muda. Vidonge vya amfetamini navyo vilizuia kushuka kule, na njia hiyo imewatia watu wengi shimoni tangu hapo, wanajeshi, madereva na wacheza karata. Katika dawa zote hizo, iliyo rahisi kuliko zote ni kuondoka kidogo.

Jambo hili halikuhitaji Cambridge. Mtaani kwetu kuna soja mmoja, mzee wa makamo, ambaye amelinda lango lilelile miaka mingi. Usiku mmoja nilimuuliza, "Mzee, hivi wewe hushindaje na usingizi?" Akacheka. "Kijana wangu, nikikaa tu nimekwisha. Lango halilindwi na macho, linalindwa na miguu." Kila baada ya muda anazunguka ua mzima, anagonga nguzo kwa rungu, anarudi kwenye kiti. Mwenye nyumba hudhani anagonga ili wezi wasikie. Kumbe anajigongea mwenyewe.

Kuna na kahawa. Kabla ya kuwa biashara, kahawa ilikuwa kinywaji cha wakeshaji: katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wadumu katika dhikri za usiku. Kutoka huko ikazagaa Bahari ya Shamu na nchi za Waarabu, na hadi leo pale Mombasa mji wa kale muuza kahawa hupita jioni na dele lake na vikombe vidogo. Angalia ukubwa wa vile vikombe. Waliotufundisha kukesha kwa kahawa walikunywa kidogokidogo, wakiwa na wenzao, wakijua usiku wanaoukesha ni upi. Miraa nayo, kwa desturi, ilitafunwa katika baraza la wazee. Mtu aliyejifungia bedsita peke yake saa tisa usiku na kikombe cha nne cha kahawa ya unga hafuati mila hiyo. Watafiti wa Loughborough, Uingereza, katika miaka ya 1990 waligundua kwamba dereva aliyechoka husaidika zaidi akinywa kahawa kisha akalala chini ya robo saa, kwa sababu kafeini huanza kufanya kazi wakati anaamka. Hata kahawa, kumbe, inataka ulale.

Swali la haki ni hili: kwani kuna shida gani mtu akiboronga migao michache? Shida ni pesa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kibaruani hufikia saa hizo 17 saa tano usiku, mashindano yakiwa ndiyo kwanza yameshika kasi. Polisi wa alkoblo hawezi kumkamata, lakini meza itamkamata. Mwaka 2011 utafiti mwingine, wa Duke na wenzao wa Singapore, ulipima kamari yenyewe: watu walionyimwa usingizi walianza kuvutwa zaidi na faida na kujali hasara kidogo. Yaani usingizi ukikosekana hupunguzi akili tu, unabadilisha unachotamani. Unakuwa mtu mwingine, na mtu huyo anashika M-Pesa yako.

Wacheza sataranji waliyaona haya hadharani. Septemba 1984, Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza kugombea ubingwa wa dunia kule Moscow. Mshindi angekuwa wa kwanza kushinda michezo sita. Karpov akafika 5 kwa 0. Kisha sare zikafuatana, miezi ikapita, Karpov akakonda, na Kasparov akashinda mitatu. Februari 1985, baada ya michezo 48, wakuu wa mchezo wakasimamisha yote bila mshindi. Aliporudi kucheza mwaka huohuo, idadi ya michezo ilikuwa imewekewa kikomo cha 24. Sheria ilibadilishwa kwa kuwa hata mabingwa wawili wa dunia walikuwa na mwisho wao.

Poka ya mtandaoni nayo ina sheria yake ndogo. Katika tovuti kubwa, dakika tano kabla ya kila saa kamili mashindano yote husimama, kisha yanaendelea. Wengi hutumia dakika hizo kufungua meza nyingine au kuperuzi simu. Mimi huinuka. Hutembea hadi dirishani, hunywa maji, huosha uso, huhesabu nimebakiwa na nini na nimekaa macho saa ngapi. Jumapili ya mashindano hulala mchana, saa nane hadi saa kumi, na familia imeshazoea. Nacheza meza moja. Na kiwango cha pesa za usiku huo nakiamua mchana, nikiwa bado ni mimi.

Hakuna ushujaa hapo, na hakuna hadithi ya kusimuliwa miaka sabini baadaye. Lakini wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nikiona jina la mpinzani limetoka mezani saa kumi usiku kwa sababu ameamua kwenda kulala, simcheki. Wiki ijayo atarudi na pesa zake, na macho yake.