Kinachopunguza ajali za watoto: majini, barabarani, hospitalini na kazini

Mtoto akizama au akigongwa na bodaboda, maneno ya kwanza mtaani huwa ni kwamba mama hakuwa makini. Maneno hayo yanamuumiza aliyefiwa, na hayamsaidii mtoto wa jirani ambaye kesho atapita njia ileile au atacheza kando ya kisima kilekile.

Watafiti wa usalama wamepima jambo hili kwa miaka mingi, katika vijiji, shule, hospitali na sehemu za kazi. Pale ambapo vifo na majeraha vilipungua, kulikuwa na mpango ambao watu walikubaliana na kuufuata kila siku, hata siku ambayo mama amechoka au anauguliwa. Hapa tunaeleza mipango hiyo, na namna wewe mzazi au mlezi wa Musoma, Bunda au Butiama unavyoweza kuianzisha au kuidai. Tutakaa zaidi kwenye maji, kwa sababu sisi tunaishi na ziwa.

Maji: hatari iliyo karibu na mlango

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo kwa kawaida hafii mbali ziwani. Anazama karibu na nyumbani, kwenye kisima kisicho na mfuniko, lambo la mifugo, shimo lililochimbwa tofali na kujaa mvua, au diaba la kufulia. Anayejifunza kutembea akitumbukia kichwa mbele kwenye ndoo hawezi kujiinua, hata kama maji ni machache. Mara nyingi hapigi kelele wala harushi mikono kama tunavyoona kwenye filamu. Anazama kimya, na dakika chache zinatosha.

Utafiti mkubwa zaidi wa kuzuia vifo hivi ulifanyika vijijini Bangladesh, nchi yenye mabwawa na mito kila upande. Watafiti waligundua kuwa watoto wengi walizama kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, karibu kabisa na nyumba zao. Hizo ni saa ambazo mama anapika, anafua, anachota maji au yuko shambani. Kwa hiyo hawakuishia kuwahimiza akina mama wawe makini. Walianzisha vituo vidogo vya kulea watoto kijijini, na mwanamke mmoja wa hapohapo aliyepewa mafunzo akakaa na watoto saa hizo, siku sita kwa wiki. Miongoni mwa watoto waliohudhuria, vifo vya kuzama vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. WHO sasa inapendekeza vituo vya namna hiyo kwa nchi zote zenye tatizo hili.

Huna haja ya kusubiri mradi ili kuanza. Kaeni kina mama watano au sita wa kitongoji kimoja, mpange zamu. Anayeshika zamu hafui wala hapiki, kazi yake ni kuwaangalia watoto tu, kwenye uwanja uliozungushiwa uzio wa miti au wavu wa zamani wa kuvulia. Kama mnampa mtoto wa miaka minane zamu ya kumlinda mdogo wake karibu na maji, hapo hamjaweka mlinzi. Mna watoto wawili walio hatarini, maana mkubwa ataruka kumfuata mdogo.

Nyumbani, mwaga maji ya ndoo na diaba ukishamaliza kazi. Kisima kiwe na mfuniko mzito ambao mtoto hawezi kuuinua. Mlango wa uani uwe na komeo juu, asikofika. Mtoto au mtu mzima mwenye kifafa asioge ziwani wala asichote maji peke yake, kwani akipatwa na degedege ndani ya maji anaweza kuzama hata kwenye kina cha magoti. Jambo hili husahauliwa sana kwenye familia zetu.

Kuanzia miaka sita hivi mtoto anaweza kufundishwa kuelea, kugeuka na kurudi nchi kavu. Baadhi ya wazazi huona kumfundisha kuogelea ni kumwita ziwani. Lakini mtoto wa Mwigobero, Bukima au Kisorya ataenda ziwani tu, afundishwe asifundishwe. Mafunzo yafanyike mahali maalumu, penye kina kinachojulikana na mtu mzima aliyefunzwa, na pasiwe mahali pa mamba na viboko. Shirika la EMEDO, linaloendesha mradi wa kuzuia watu kuzama katika Ziwa Victoria, ni miongoni mwa wanaoifahamu kazi hii kanda ya ziwa.

Ukimkuta mtoto anazama

Piga kelele za kuomba msaada. Usiruke majini kama hujui kuogelea vizuri. Lala chini ukingoni, mnyooshee mti au kanga, au mrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa vizuri, ambalo linaelea.

Akishatolewa, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake, bana pua, na mpulizie mdomoni pumzi tano taratibu ukiona kifua kinapanda. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, mpulizie mara mbili, na uendelee hivyo bila kukata tamaa hadi apumue au msaada ufike. Mchanga mbonyeze kwa vidole viwili, mtoto mkubwa kwa kiganja.

Usimning'inize miguu juu. Usimkamue tumbo wala kumzungusha, usimfunike kwa chumvi au majivu. Mambo haya yanachelewesha pumzi, na pumzi ndiyo anayohitaji. Hata akizinduka na kulia, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi ni 112.

Ukipanda mtumbwi na mtoto

Julai 30, 2023, mitumbwi miwili iliyobeba watu waliokuwa wakitoka kanisani, wakiwemo watoto, ilizama kijiji cha Mchigondo wilayani Bunda, na watu zaidi ya kumi wakafa. Miaka mitano kabla, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu jamii za wavuvi wa upande wetu wa Ziwa Victoria ulionyesha pia mzigo ambao hauingii kwenye habari, yaani wanaume wanaozama mmojammoja wakiwa kazini na kuacha wajane na watoto bila kipato. Kwa hiyo usalama wa mvuvi ni suala la afya ya mtoto.

Mvua za radi juu ya ziwa hili hutokea zaidi usiku na alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo unavuma kutoka kila upande kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda na kuwa wingu la radi. Ni saa zilezile wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa ziwa. Waombeni viongozi wa BMU wautangaze mwaloni kila siku kabla ya watu kuondoka.

Kabla ya kupanda, hesabu watu na uulize chombo kinaruhusiwa kubeba wangapi. Mwenye chombo asikasirike, ni haki yako. Vaa jaketi okozi na umvalishe mtoto la saizi yake, lililofungwa kamba zote, kwani la mtu mzima linamvuka kichwani akiingia majini. Jaketi lililowekwa chini ya mbao za mtumbwi halimwokoi mtu, hakuna anayepata muda wa kulivaa wimbi likishapiga. Usimfunge mtoto mgongoni kwa kanga ukiwa kwenye mtumbwi, mkizama mtashindwa wote wawili. Mpakate mbele.

Njia ya kwenda shule

Hapa tuna mfano wa nyumbani. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilichagua shule za msingi ambazo watoto wao waligongwa sana. Likajenga matuta, njia za watembea kwa miguu, vivuko vya pundamilia na vizuizi vya kuwatenga watoto na magari, na kwenye baadhi ya shule lango likahamishiwa upande usio na barabara kubwa. Watafiti waliuliza kaya kabla na baada ya kazi hiyo, wakalinganisha na shule ambazo hazikuwa zimefanyiwa kitu. Majeraha yalipungua kwa asilimia 26.

Barabara ya Mwanza hadi Sirari inapita Bunda mjini na Kiabakari, na watoto wanaivuka kila siku. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukadiria mwendo wa basi. Ubongo wake haujafika huko, hata umfundishe mara ngapi. Ndiyo maana tuta lina nguvu kuliko wimbo wa "tazama kulia, tazama kushoto", ingawa wimbo nao ufundishwe.

Kwenye kikao cha wazazi, omba kamati ya shule iandike barua kupitia serikali ya kijiji au mtaa. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA. Barua yenye idadi ya watoto wanaovuka, saa wanazovuka na tarehe za ajali zilizotokea inasomwa tofauti na barua ya malalamiko matupu. Wakati mnasubiri, wazazi wapeane zamu ya kuwavusha asubuhi.

Hospitalini: orodha na mazoezi

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la WHO lililofanyika katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji, timu ilisimama na kusoma kwa sauti orodha fupi: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, ana mzio wa dawa gani, vifaa vyote vimehesabiwa? Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kwa hiyo mwanao au wewe mwenyewe ukipelekwa kufanyiwa upasuaji na ukaulizwa jina lako mara tatu, usichoke kujibu. Na kama hakuna aliyeuliza, sema wewe: jina, upasuaji gani, dawa zinazokudhuru, mara ya mwisho kula ilikuwa saa ngapi.

Kwa uzazi, mwaka 2025 yalitoka matokeo ya kazi iliyoongozwa na Hospitali ya Haydom katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere, wakitazama takwimu za kituo chao wenyewe. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Mara haikuwa kati ya mikoa hiyo mitano, lakini mwanasesere na dakika kumi za mazoezi havihitaji jengo jipya. Kama uko kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati au kituo chenu, uliza kwenye kikao: mara ya mwisho wakunga wetu walifanya mazoezi haya lini?

Ukiwa mjamzito, au umejifungua, au una mtoto mchanga, na ukapatwa na dharura, piga 115 bure kwa ajili ya usafiri wa m-mama.

Kazi inayoingia nyumbani

Kwa familia zinazochenjua dhahabu, kama wale wa Buhemba wilayani Butiama, hatari kubwa kwa mtoto ni moshi usioonekana. Dhahabu iliyoshikana na zebaki ikichomwa, zebaki inageuka mvuke, na mvuke huo unaharibu ubongo na figo. Aliye tumboni na mdogo anayetambaa ndio wanaodhurika zaidi. Usichomee jikoni hata mara moja, hata kama ni kidogo. Sufuria iliyotumika kuchomea isipikiwe tena. Anayetoka kazini abadili nguo nje, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mjamzito asishike kazi hiyo kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Mtoto akichukuliwa kwenye maduara wakati wa likizo "asaidie kidogo", mwone mwenyekiti wa kijiji au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na maduara yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe uzio kabla ya masika, kwa sababu yakijaa maji yanakuwa visima visivyo na mfuniko.