Mizani na vina: ugomvi huu ulitoka wapi?

Wengi wetu tulisoma mashairi kwa Kifaransa, njo maana maneno sawa mizani na vina yanatupita. Lakini yako na historia, na sehemu yake moja ilianzia ng'ambo tu ya ziwa letu.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954 akatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Katika shairi la kawaida, ubeti uko na mishororo 4, na kila mshororo mizani 16, maana yake silabi 16, 8 kwa 8. Hesabu mwenyewe: Ta-nga-nyi-ka, mizani 4. Vina ni sauti ile ile inayorudi katikati na mwisho wa kila mshororo.

Juu ya nini kuhesabu vile? Juu shairi lilikuwa la kuimbwa. Silabi moja ikizidi, sauti inajikwaa. Kina kikirudi, mtu anakumbuka bila karatasi.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na sheria hizo. Wengine wakasema: hilo si shairi kabisa! Wengine wakafurahi: sasa tunapumua.

Kwangu mimi, Amri alilinda masikio, Kezilahabi aliandikia macho ya msomaji aliyenyamaza. Basi wewe unayetunga leo, usiulize kwanza kama vina viko. Uliza: shairi langu litaimbwa ama litasomwa? Kama litaimbwa, hesabu.