Siko seli na damu ya kuongezewa (4): Kundi lilikuwa sawa, mbona mwili umeikataa?

Mama zangu, wengi mnaniuliza: "Sista, damu ilikuwa O kwa O, mbona mtoto kageuka manjano wiki moja baadaye?" Turudi nyuma kidogo.

Makundi A, B na O aliyatangaza Karl Landsteiner, Vienna, mwaka 1901. Watu wakadhani kazi imeisha. Kumbe bado. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson waliandika habari za mama mmoja wa New York aliyejifungua mtoto mfu, akaongezewa damu ya mumewe. Wote wawili O, lakini mwili wake ukaipinga vikali. Mtoto alikuwa amerithi kwa baba alama ambayo mama hana, na mama akiwa mjamzito akatengeneza kingamwili dhidi yake. Alama hiyo ndiyo Rh, ile "chanya" au "hasi" kwenye kadi yako ya kliniki.

Na alama za damu ziko nyingi: C, E, Kell, Kidd, Duffy... Hospitali nyingi tunalinganisha ABO na Rh tu. Kwa anayeongezewa mara moja maishani, mara nyingi inatosha. Ila mwenye siko seli anaongezewa tena na tena, na kila chupa ni mtu mwingine.

Mwaka 1990 Elliott Vichinsky na wenzake, Marekani, waliangalia wagonjwa 107 wa siko seli waliowahi kuongezewa damu: asilimia 30 walikuwa na kingamwili hizo. Wagonjwa wao walikuwa weusi, wachangiaji wengi weupe, alama hazifanani. Sasa usiseme huku tuko salama. Hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana.

Kinachonisumbua mimi ni hiki: kingamwili hufifia, maabara isizione, lakini mwili haujasahau. Damu mpya ikiingia, siku kadhaa hadi wiki mbili baadaye inavunjwa. Macho manjano, mkojo kama chai ya rangi, maumivu, na damu inashuka hata chini ya pale ilipoanzia. Nyumbani mnadhani ni maumivu yale yale ya siku zote.

Hapana, usikatae damu, inaokoa watoto kila siku. Andika kwenye daftari tarehe na hospitali ya kila chupa. Ukiona dalili hizo mrudishe siku hiyo hiyo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Aliongezewa damu juzi."