Mkataba wa Maputo mbele ya tribinali ya Likasi: kitu gani avoka anapashwa kujua

Kila mara habari ya mama mjane aliyefukuzwa ndani ya parseli inapofika redioni, wasikilizaji wanauliza swali moja: sheria iko wapi? Sheria iko, na tena si moja. Taabu ni kwamba inabaki ndani ya vitabu. Jaji anaweza kuitafuta yeye mwenyewe, lakini mwenye mafaili mengi mezani mara nyingi anajibu yale aliyoandikiwa. Kama avoka hakuandika kifungu cha mkataba katika maombi yake, kifungu kile hakitaonekana katika hukumu. Mafunzo ya mawakili juu ya haki za wanawake yanaanzia pale.

Mikataba mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi wote juu ya wanawake, ambao kwa Kifaransa unaitwa CEDEF. Inchi yetu, wakati ule Zaire, iliuthibitisha tarehe 17 Oktoba 1986. Wa pili ni Mkataba wa Maputo, uliopitishwa na Umoja wa Afrika tarehe 11 Julai 2003. Congo iliuthibitisha mwaka 2008, kisha ukalala. Kifungu cha 215 cha Katiba kinasema mkataba uliofungwa kwa kufuata kanuni unakuwa na nguvu kupita sheria za inchi tangu pale unapotangazwa. Sasa Mkataba wa Maputo ulitangazwa katika Journal officiel mwaka 2018 tu, tarehe 14 Machi. Miaka kumi hivi ilipita bure! Tarehe 6 Aprili 2018, mkuu wa Baraza Kuu la Majaji akaandikia majaji na maparke waanze kuutumia. Tarehe zile mbili avoka anapashwa kuzijua sawa vile anajua nambari ya simu yake, juu mpinzani wake atauliza kwanza: mkataba huu ulitangazwa wapi?

Kuna pia kifungu cha 153 cha Katiba. Kinaamuru tribinali zitumie mikataba iliyothibitishwa, sheria, na hata desturi, lakini desturi isiyopinga utaratibu wa watu wote wala mwenendo mwema. Hapa Likasi jambo hili si la shule tu. Wakati kesi inahusu desturi, tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix, inaketi na jaji mmoja wa kazi pamoja na wazee wawili wanaojua desturi. Avoka anayepiga kelele kwamba desturi ni mbaya atapoteza wazee wale mara moja. Anayeonyesha kwa upole kwamba Katiba yenyewe imeiwekea desturi mpaka, huyo atasikilizwa.

Tuchukue faili ya kawaida kabisa: bwana amekufa, kilio kimeisha, ndugu zake wanakuja kudai nyumba ya Kikula au ya Panda. Avoka asiyefundishwa anakimbilia mkataba na kuacha Kode ya Familia. Ni kosa. Kwanza anauliza: ndoa iliandikwa kwenye leta? Kama mahari ililipwa lakini ndoa haikuandikwa, vita inaanzia pale. Mkataba wa Maputo, kifungu cha 6, unataka kila ndoa iandikwe. Halafu anauliza juu ya mali. Kama bibi na bwana hawakuchagua namna ingine, Kode inahesabu kwamba vitu walivyopata wakiwa katika ndoa ni vya wote wawili. Kwa hiyo nusu ya nyumba iliyonunuliwa wakati ule haiingii hata katika urithi, ni ya mama. Familia nyingi hazijui hiyo. Nusu inayobaki ndiyo inagawanywa, na watoto wanapata robo tatu. Mjane ana pia haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyoishi, kwa kifungu cha 785. Ni baada ya hapo tu ndipo Maputo inaingia kuimarisha: kifungu cha 20 kinakataza mjane kutendewa mambo ya kumushusha na kinamwachia malezi ya watoto wake, na cha 21 kinampa sehemu ya haki katika urithi na haki ya kubaki nyumbani.

Pengine Kode na mkataba havikubaliani. Mpaka mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake kwa kufanya tendo la kisheria linalomfunga. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile. Lakini kifungu cha 444 kinaendelea kusema bwana ndiye mkubwa wa nyumba, wakati CEDEF na Maputo zinasema bibi na bwana wako sawa. Mwalimu mzuri wa mafunzo haya hafichi mgongano ule. Anawaacha wanafunzi wabishane juu yake saa nzima.

Mfano unaofundishwa sana katika Afrika ya Mashariki unatoka Tanzania. Mama Mhaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akashitaki: kwa desturi, mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Tribinali ya chini ikamkubalia. Lakini tarehe 22 Februari 1990, jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba Holaria alikuwa na haki ya kuuza sawa na mwanaume, na akataja CEDEF katika hukumu yake. Angalia vizuri: Tanzania, mkataba hauwi sheria ya ndani kwa kuthibitishwa tu, ulimsaidia jaji kuelewa Katiba. Congo, Katiba inauweka mkataba juu ya sheria. Avoka wa Likasi ana kifaa kikali kuliko kile cha Mwanza. Na majaji wa hapa wanaweza: tarehe 12 Aprili 2006, katika kesi ya ubakaji wa Songo Mboyo, tribinali ya kijeshi ya Mbandaka ilitumia moja kwa moja Mkataba wa Roma.

Mafunzo yasiishie kwa maavoka wa Lubumbashi. Tangu sheria ya mwaka 1979, barreau inafungwa na cour d'appel, na kila tribinali kubwa, kama ile ya Likasi, ina watetezi wake, wale wanaoitwa défenseurs judiciaires. Wao ndio mama wa sokoni anawafikia kwanza. Wao pia wanapashwa kujua kifungu cha 14 cha Maputo, kinachoruhusu kutoa mimba kwa aliyebakwa au kama maisha ya mama yako hatarini, wakati Kode ya makosa bado inaadhibu tendo lile.

Na kuna lugha. Kesi inaandikwa Kifaransa, mama anaongea Kiswahili. Mwanasheria akisema "usufruit", mama anatikisa kichwa na kwenda nyumbani bila kuelewa. Akimwambia, "Mama, nyumba hawawezi kukutosha, utakaa na kuitumia, lakini kuiuza peke yako hapana," mama anajua kitu gani cha kujibu siku shemeji anafika na kufuli mpya.